Kadi ya Nyota: shajara ya mradi, Dodoma

Juni, tumegawana kadi

Kikundi chetu cha wachoraji hapa Dodoma kimeamua kuchora upya zile kadi kubwa 22 za tarot, kila mtu yake moja au mbili, kwa sura na mandhari ya kwetu, kwa ajili ya maonyesho. Tumepiga kura ya vikaratasi. Aliyeokota Mpumbavu alicheka mpaka basi. Aliyeokota Kifo alikunja kikaratasi chake akakitia mfukoni. Mimi nimeokota namba 17, Nyota, wenzangu wakanipongeza eti nimepata kadi ya heri.

Kwa msomaji asiyezijua: tarot ni karata za picha kutoka Ulaya, ambazo leo wengi huzitumia kutabiri, na pakiti kamili ina kadi 78. Kati ya hizo, 56 ni makundi manne ya vikombe, panga, sarafu na fimbo, ndugu wa damu wa kopa, shupaza, uru na pau tunazocheza vibarazani. Zile 22 hazina kundi. Kila moja ina picha na jina lake: Mtawa, Gurudumu la Bahati, Mnara, Jua na kadhalika. Toleo tunalolitazama lilitolewa London mwaka 1909 na kampuni ya William Rider. Maelekezo yalitoka kwa Arthur Edward Waite, kalamu ilikuwa ya Pamela Colman Smith, mwanamke aliyezaliwa Uingereza mwaka 1878, akaishi Jamaika sehemu ya utoto wake, akasomea sanaa Brooklyn. Mwaka huohuo wa 1909 alimwandikia Alfred Stieglitz, mpigapicha wa New York, kwamba amemaliza kazi kubwa kwa pesa kidogo mno. Sisi tunaokula kwa kuchora mabango tulipofika hapo tulitazamana tu.

Kabla sijafungua kitabu chochote kinachoeleza maana ya kadi, nimeandika kilichopo kwenye picha. Mwanamke yuko uchi. Goti moja limetua nchi kavu, mguu wa pili umekanyaga maji, na haukuzama. Unyayo umekaa juu ya maji kama umekanyaga sakafu. Ana mitungi miwili, kila mkono wake. Mmoja anaumwagia bwawani, wa pili anaumwagia ardhini, na maji ya ardhini yanagawanyika vijito vitano. Nyuma kuna mwinuko, mti mdogo na ndege juu ya mti. Angani kuna nyota kubwa ya njano yenye ncha nane, na ndogo saba nyeupe, nazo za ncha nane. Mwanamke ameinamisha uso. Hili la mwisho naliona zito: kadi inaitwa Nyota, na mwenye kadi hazitazami nyota.

Nimebandika nakala ukutani kwenye karakana yangu pale Majengo, katikati ya bango la saluni na kibao cha "Leo taslimu, kesho mkopo". Kila anayeingia namuuliza anaona nini. Kijana anayetuletea maji kwa mkokoteni alishusha madumu, akaikazia macho, akasema, "Dada, huyu anamwaga maji." Mama mwenye saluni alipofuata bango lake akauliza, "Mbona anayamwaga hivyo, kwani kwake kuna bomba?" Fundi baiskeli wa jirani hakusema kingine. Nyota haikutajwa na yeyote. Hata uchi, niliodhani ndio utakaozua maneno, ulikuja baada ya maji.

Vitabu vingi vya tarot vinasema Nyota ni matumaini, uponyaji, utulivu baada ya janga, maana inafuata mara tu baada ya Mnara, kadi namba 16, ambao umepigwa radi na watu wanaanguka vichwa chini. Mji wangu unasema ni ufujaji. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba mwishoni au Desemba hadi Aprili, na mara nyingi hazifiki milimita 600 kwa mwaka mzima. Mtu anayenunua maji kwa dumu hawezi kuambiwa kwamba maji yanayomwagwa chini ni faraja. Kazi yangu sasa ni hiyo: kuirudishia picha matumaini yake bila kumpora mtu wa Dodoma macho yake.

Juni, mwishoni

Upepo na vumbi, siwezi kupaka rangi nje. Nasoma.

Muuza karatasi, alipoona nakala ninayopima, alirudi hatua moja. "Hizi si karata za ramli, dada yangu?" Simlaumu. Nchini kwetu ramli chonganishi imewaua vikongwe wasio na hatia, na yeyote anayecheka neno hilo hajawahi kuishi kijijini na bibi mwenye macho mekundu. Nimemweleza, na naliandika hapa maana tutaulizwa sana: ramli ilikuja nyuma kabisa. Kadi hizi zilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, kwa ajili ya mchezo ulioitwa tarocchi. Nyota ilikuwa turufu, basi. Kikundi tumekubaliana kwamba siku ya maonyesho hakuna atakayemsomea mtu kadi, hata kwa utani.

Katika pakiti ya Visconti-Sforza, iliyochorwa kwa mkono kwa ajili ya watawala wa Milano katikati ya karne ya 15, Nyota ni mwanamke aliyesimama, amevaa gauni, ameinua nyota mkononi. Hakuna mtungi wala tone la maji. Mwanamke uchi aliyepiga goti na mitungi miwili tunamkuta baadaye, kwenye zile pakiti za mtindo wa Marseille, na nyota zake ndogo saba na ndege wake juu ya mti. Pamela alimpokea hapo. Kwa hiyo picha hii imeshabadilishwa kabla yangu, tena kwa kiasi kikubwa kuliko ninavyothubutu mimi, na jina likabaki lilelile.

Kisha akaja Antoine Court de Gébelin, mwandishi wa Ufaransa. Mwaka 1781, Paris, alitangaza kwamba tarot ni kitabu cha makuhani wa Misri ya kale. Nyota kubwa akasema ni Sirius, mwanamke akasema ni Isis, mungu wa kike wa Misri, maji ni mafuriko ya Nile. Maandishi ya Misri yalikuwa hayajasomwa na mtu yeyote wa zama zake. Mfaransa Champollion aliyafungua mwaka 1822. Yule bwana alikuwa anabuni. Hata hivyo ubunifu wake umeganda, na mpaka leo wafasiri wengi wanamwita ndege wa kadi hii kwarara, ndege mtakatifu wa Misri, wakati Waite mwenyewe aliandika ndege tu. Nampa Court de Gébelin heshima moja: aliona maji, akajiuliza yametoka wapi.

Julai, Kolo

Nimekwenda Kondoa kuwatazama wachoraji wa kale wa miambani, ambao hawakuacha kitabu cha kueleza maana ya michoro yao. Kutoka mji wa Kondoa unapanda kuelekea kaskazini hadi Kolo, unajiandikisha ofisi ya Mambo ya Kale, kisha unapanda mlima kwa miguu. Michoro ya Kondoa iliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu wembamba, warefu kupita kiasi, vichwa vimetunishwa kwa nywele au vifuniko, vyote kwa wekundu wa udongo wa chuma.

Kuna mandhari moja ambayo Mary Leakey, mwanaakiolojia aliyenakili michoro ya huku mwaka 1951, aliielewa kuwa ni utekaji: mtu wa katikati ameshikwa, wengine wanamvuta kulia na kushoto. Baadaye David Lewis-Williams, mtafiti aliyezoea michoro ya Wasani wa kusini mwa Afrika, aliiona kama ngoma ya tiba, mtu ameishiwa nguvu kwa kupandisha na wenzake wanamshikilia asianguke. Mistari ni ileile. Mkono uleule ni wa mtekaji au wa muuguzi.

Nilikaa pale nikiutazama mkono huo mpaka shingo ikauma. Mchoraji hakuweka uso, kwa hiyo huwezi kuuliza macho. Unabaki na pembe ya kiwiko na uzito wa mwili unaegemea wapi. Mimi naona mwili wa katikati unaelemea upande mmoja, na aliyeko upande huo hajarudi nyuma. Mtu anayevuta hurudi nyuma. Naegemea tiba, lakini hayo ni macho ya mchora mabango.

Mwongozaji wetu alisema baadhi ya mapango bado yana wenyewe, watu huja kutambika kwa ajili ya mvua na maradhi. Nimeondoka na rangi tu. Maumbo siyachukui: picha ambayo mtu bado anaiombea si ya kubandika kwenye kadi ya maonyesho.

Agosti, Mvumi

Hapa nitaandika kirefu.

Nimekwenda Mvumi kwa bibi, dada wa marehemu bibi yangu mzaa mama. Baada ya shikamoo na habari za huko mjini na kulalamikiwa kwamba nimekonda, nikampa kadi bila kumtajia jina lake. Aliisogeza mbali, akaileta karibu, akauliza kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote nilichosoma:

"Maji haya ni ya kwanza au ya pili?"

Nikasema sijui, bibi. Akasema kesho twende korongoni ukaone.

Korongo lenyewe Agosti ni barabara ya mchanga mweupe, pana, kavu, limepigwa na kwato za mbuzi na ng'ombe. Maji yako chini yake. Wanawake wanajua pa kuchimba kwa kutazama mchanga: palipo na giza kidogo asubuhi, kabla jua halijapanda, ndipo. Wanachimba kwa mikono na kwa kipande cha kibuyu. Mchanga wa juu unaporomoka, wanaurudisha kando, wanachimba tena, mpaka shimo linameza mkono mzima. Kisha chini kabisa panaanza kung'aa.

Maji yanayoingia mwanzo ni chai ya maziwa kwa rangi. Hayanywewi. Binti mmoja aliingiza mguu wa kulia shimoni, goti la kushoto akalibakiza ukingoni juu ya mchanga, akainama, akaanza kuchota kwa kata na kumwaga pembeni. Chota, mwaga. Chota, mwaga. Maji yalikimbia juu ya mchanga kwa vidole vidole, kisha mchanga ukayanywa. Nyuki walikuja palepale, wakatua kwenye unyevu kabla haujakauka. Akasubiri. Yakaingia mengine, ya hudhurungi kidogo, nayo akayamwaga. Akasubiri tena, safari hii kwa muda mrefu, akipiga soga na mwenzake. Yakapanda polepole, meupe, unaona mchanga chini yake chembe kwa chembe. Hapo ndipo akavuta ndoo.

Nilikuwa nimesimama na kadi mkononi. Mkao ni uleule: goti kavu, mguu majini, mwili umeinama, macho chini kwa sababu kazi iko chini. Anayechota maji hatazami angani.

Nikamuuliza bibi kama roho haiwaumi kuyamwaga yale ya kwanza, maji yalivyo ya shida. Akanitazama kama mtoto wa mjini niliye. "Ukiyaonea huruma hayo, mjukuu wangu, utakunywa tope. Shimo ukilikomba linaleta." Akaichukua tena kadi, akagonga kucha kwenye mtungi unaomwagia nchi kavu. "Huyu hana wasiwasi. Angekuwa na wasiwasi angemwaga hivi?"

Hiyo ndiyo tafsiri ninayoichukua. Wafasiri wa vitabu wanasema vijito vitano ni milango mitano ya fahamu na bwawa ni nafsi iliyojificha, na sina ugomvi nao, ila hawajaniambia kwa nini kumwaga kuwe matumaini. Bibi ameniambia kwa kucha moja. Anamwaga kwa sababu anajua yanakuja.

Nilipomweleza haya mwenzangu aliyepata Kiasi, kadi namba 14, alinipinga, na hoja yake ina uzito. Kiasi naye ana vyombo viwili, anamimina kutoka kimoja kwenda kingine na hakuna tone linalopotea. "Ukimfanya mwanamke wa kadi yako asafishe kisima," alisema, "umemfanya mtu wa hesabu. Anamwaga ili apate. Kadi yako inatoa bure." Nimeliwaza hilo njia nzima nikiwa kwenye basi. Jibu langu ni nyuki. Vile vijito vitano nitavichora vikitoka nje ya ukingo wa kadi, visirudi kokote, na nyuki juu yake. Mkono mmoja unatoa ya kwanza kwa kata, na hayo yamekwenda, yatanywewa na yeyote atakayeyakuta. Mkono wa pili unamimina ya pili kwenye ndoo kwa kibuyu. Mwenzangu bado hajaridhika. Sawa.

Septemba, nguo

Uchi sasa. Siwezi kumtundika mwanamke uchi kwenye ukumbi ambao mama yangu atakuja na wenzake wa kwaya, na sitaki kumvika tu kwa kuogopa maneno, maana uchi wake una kazi. Mwanamke wa Pamela hana cha kuficha, hana cheo, hana kabila linaloonekana, hana hata kiatu. Nguo yoyote nitakayompa itamwongezea habari.

Nimejaribu kaniki: imemfanya mzee. Gauni la kitenge: limempeleka harusini. Kisha nikamchorea kanga moja, imefungwa kifuani kama mtu aliye nyumbani kwake, na nikachora pindo, nikachora mji, na pale panapokaa jina nikachora kisanduku, nikakiacha kitupu. Kanga yoyote ya kwetu inasema kitu, mara nyingi inamsemea mvaaji kile asichotaka kukitamka, kwa jirani, kwa mke mwenza, kwa wifi. Kanga isiyo na maneno haimsemi mtu. Nimemwonyesha mama mwenye saluni bila maelezo. Alisoma pindo, akatafuta jina, akarudia kutafuta, akasema, "Huyu hana neno na mtu." Nimeacha hapo hapo, sigusi tena.

Septemba, juu

Ndege: hondohondo, juu ya mbuyu usio na majani. Kwarara abaki na Misri yake.

Nyota zimenichukua muda zaidi. Kubwa moja, ndogo saba. Wapo wanaosema zile saba ni Kilimia, na kwa mkoa huu sihitaji kushawishiwa. Kilimia kinatoka mashariki jua linapozama mwezi Novemba, wakati watu wanasafisha mashamba ya uwele na mtama wakisubiri mvua. Kinaonekana jioni msimu wote. Na kufika Mei mwanzoni kimeshazama na jua, mvua zimekwisha. Kwa hiyo nimezikusanya zile saba zilizotawanyika kwenye kadi ya 1909, nikazifunga fungu moja dogo juu ya mbuyu. Macho ya kawaida huhesabu sita. Nimeacha saba, kadi ndivyo inavyotaka.

Nyota kubwa naiacha Sirius, yaani ubunifu wa yule bwana wa 1781 unaingia kwangu kwa mlango wa nyuma. Ni nyota inayong'aa kuliko zote usiku, na hutoka baada ya Kilimia, upande uleule wa mashariki. Kwake ilitangaza mafuriko ya Nile. Kwangu inafuata nyuma ya nyota za kilimo, na hilo linatosha.

Mwanamke bado haangalii juu. Mmoja wetu alinishauri nimwinue uso kidogo, "apendeze". Hapana.

Oktoba, skrini

Kadi itakuwa ya sentimita 7 kwa 12, kama zile za London. Rangi tatu, skrini tatu (fremu za nyavu za kupitishia wino): nyeusi ya mistari, wekundu wa Kolo, buluu. Njano nimeiondoa, nyota zote ni weupe wa karatasi yenyewe, wino umezizunguka tu. Tatizo ni ncha nane. Kwenye nyota kubwa zimetoka kali, lakini kwenye zile ndogo wino unajaa kwenye kona na ncha zinakuwa vidonge. Nimezichora upya kwa mistari minne iliyokatana, myembamba, bila kujaza katikati. Zinasomeka.

Joto la mwezi huu linakausha wino ndani ya nyavu kabla hata raba haijafika chini. Nachapa kabla ya saa moja asubuhi, na nakala zinazotoka na madoa nawapa watoto wa fundi baiskeli. Tayari wana mchezo wao na kadi hizo, sijui kanuni zake, ila Nyota inamshinda kila mtu.

Kijana wa mkokoteni ameiona ya mwisho. Alishusha madumu, akatazama. "Huyu yuko korongoni," akasema. "Anakomba kisima." Nikamuuliza kwa nini anamwaga yale mengine. Akajibu kwamba hayo ni ya kwanza, nikamlipa maji yake.

Kilichobaki ni kupatana na jirani yangu wa kushoto kwenye ukuta. Nyota itaning'inia kando ya Mnara, 16 na 17, na tumekubaliana mstari wa mlima uanzie kwake uendelee kwangu bila kukatika. Jana amenitumia rasimu. Mnara wake ni tenki la maji juu ya nguzo, radi imelipasua ubavu, na watu wawili wanaruka na ndoo zao. Mlima wake uko juu kuliko wangu kwa nusu sentimita. Mmoja wetu itabidi achape upya, na skrini za mwenzangu bado hazijakaushwa, kwa hiyo nimemwambia ashushe yeye.